Sura ya Tano: Protini Ambazo Hazikuwapo Duniani

Tarehe 9 Oktoba 2024, Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Sweden ilitangaza kwamba nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo inakwenda kwa David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kwa kazi ya kubuni protini kwa kompyuta. Nusu ya pili waligawana Demis Hassabis na John Jumper wa Google DeepMind, waliotengeneza programu ya kubashiri umbo la protini. Kwa upande wa Seattle, habari nyingi zilizofuata zilimzungumzia Baker peke yake, na hilo halishangazi, kwani kanuni za tuzo hiyo haziruhusu zaidi ya watu watatu, na wasomaji wa magazeti hupenda sura moja ya kuikumbuka. Lakini mtu akizichukua makala za kisayansi zilizomfikisha Baker Stockholm, akasoma majina yanayotangulia katika kila moja, atakutana na wanafunzi wa uzamivu na watafiti vijana waliotoka tu kuzimaliza shahada zao. Jina la profesa liko mwisho, kama ilivyo desturi ya fani hiyo. Ninachotaka kuonyesha katika sura hii ni kwamba mpangilio huo wa majina unasema ukweli zaidi kuliko vichwa vya habari. Taasisi ya Ubunifu wa Protini, ambayo Baker anaiongoza tangu ilipoanzishwa mwaka 2012, imefanikiwa kwa sababu iliwaweka watu wa taaluma zisizozoeana mbele ya swali moja gumu, kisha ikawakabidhi vijana swali hilo likiwa zima badala ya kuwagawia vipande.

Swali lenyewe linaelezeka kwa maneno machache. Protini ndizo zinazofanya karibu kazi zote za mwili: zinasaga chakula, zinabeba oksijeni katika damu, zinakamata virusi, zinakaza misuli. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20, zilizotungwa kwa mfuatano maalumu kama ushanga. Mnyororo huo ukishatengenezwa ndani ya seli hujikunja wenyewe ukapata umbo, na umbo ndilo linaloupa kazi. Mmarekani Christian Anfinsen alipata Nobel mwaka 1972 kwa kuonyesha kwamba maelekezo ya umbo yamo katika mfuatano wenyewe. Likabaki swali la kinyume. Je, binadamu anaweza kuanza na umbo analolitaka, akatafuta mfuatano utakaojikunja hivyo, akapata protini ambayo uhai haukuwahi kuitoa katika miaka yake yote ya mabilioni? Hesabu yake inatisha. Mnyororo mfupi wa asidi amino 100 unaweza kupangwa kwa namna nyingi kuliko idadi ya atomu zote katika ulimwengu unaoonekana, kwa hiyo kujaribu mmoja baada ya mwingine hakuwezekani kabisa. Mwanafizikia anajua nguvu zinazovuta na kusukuma atomu, lakini hajui namna ya kuifanya bakteria itengeneze protini aliyoichora. Mtaalamu wa kompyuta anajua kupunguza utafutaji mkubwa ukawa mdogo, lakini hawezi kukuambia kama alichokipata kitadumu ndani ya maji ya chumvi. Daktari anajua kirusi kinashikia wapi kwenye seli, na hapo ujuzi wake unakoma.

Baker alifika Seattle mwaka 1993. Yeye mwenyewe alianza chuo, pale Harvard, akisoma falsafa na masomo ya jamii, akahamia biolojia akiwa karibu kumaliza, na huenda ndiyo sababu hakuona ajabu kumpokea mtu aliyetoka upande mwingine. Kundi lake lilitengeneza programu iliyoitwa Rosetta, ya kubashiri protini inavyojikunja, kisha likaigeuza programu hiyo ifanye kazi kinyumenyume. Mwaka 2003 wakatangaza Top7, protini yenye asidi amino 93 na umbo lisilowahi kuonekana katika kiumbe chochote. Waliotangulia katika makala ile ni Brian Kuhlman, mtafiti kijana aliyekuwa amemaliza uzamivu, na Gautam Dantas, aliyekuwa bado mwanafunzi. Mnyororo waliouchora ulitengenezwa kweli maabarani, na umbo lake lilipopimwa kwa miale ya eksirei likakubaliana na mchoro wa kompyuta karibu atomu kwa atomu. Nadhani hapa ndipo siri ya mambo yote yaliyofuata ilipo. Vyuo vingi vimejenga vituo vya taaluma mtambuka ambamo mwanahistoria, mhandisi na mchumi wanakutana kwenye semina, wanasikilizana kwa heshima, kisha kila mmoja anarudi kwake alivyokuja. Seattle kulikuwa na mwamuzi ambaye hakuna aliyeweza kumbembeleza: protini ama imejikunja ama haikujikunja. Mwamuzi huyo aliwalazimisha watu wa kompyuta wajifunze kwa nini mchoro wao mzuri umeshindwa ndani ya chupa, na watu wa maabara waelewe programu iliwaza nini ilipouchora.

Swali likishakuwa la wote, hata mipaka ya nani anaruhusiwa kulishika hulegea. Mwaka 2005 kundi la Baker lilianza kuwaomba watu wa kawaida wakopeshe kompyuta zao za nyumbani zifanye hesabu za Rosetta wakati hazitumiki. Mwaka 2008 wakashirikiana na idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo hichohicho kutoa Foldit, mchezo wa kompyuta ambao mchezaji anakunja protini kwa mkono na kupata alama kila umbo linapokuwa tulivu zaidi. Seth Cooper, mmoja wa walioujenga, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa kompyuta. Miaka mitatu baadaye wachezaji wake, wengi wao bila mafunzo yoyote ya biokemia, walilitambua umbo la kimeng'enya cha kirusi cha nyani kilichowashinda wataalamu kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa kazi ya wiki chache tu. Mwaka huohuo wa 2011, wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Washington walishinda mashindano ya dunia ya iGEM, ya vijana wanaobuni viumbe na molekuli. Sehemu ya kazi yao ilikuwa kukibadilisha kimeng'enya cha bakteria kiweze kuivunja gluteni ya ngano katika asidi ya tumbo, kwa ajili ya watu ambao utumbo wao unaumizwa na chakula hicho. Kutokana na kimeng'enya kile ilizaliwa kampuni, na mwaka 2020 ikanunuliwa na Takeda, kampuni kubwa ya dawa ya Japani. Vijana wale walikuwa bado hawajavaa joho la kwanza.

Taasisi ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, mmoja wa watafiti wake vijana, Neil King, alikuwa ametoka kuchapisha njia ya kubuni protini zinazojipanga zenyewe zikawa kichanja kidogo kisichoonekana kwa jicho. Mwaka 2016 mwanafunzi Jacob Bale na wenzake wakaonyesha vichanja vya aina mbili za protini zinazofungamana zenyewe zinapochanganywa. Kwa macho ya wakati ule, hiyo ilikuwa jiometri nzuri isiyo na mteja. Janga la Uviko lilipoingia mwaka 2020, Alexandra Walls, aliyekuwa mtafiti kijana katika maabara ya David Veesler, jirani wa taasisi na mtaalamu wa maumbo ya virusi vya korona, aliungana na watu wa King. Wakapachika juu ya kichanja kile nakala 60 za sehemu ya kirusi inayoshika seli ya binadamu. Kinga ya mwili hushtuka zaidi inapoona kitu kimerudiwa mara nyingi kwa mpangilio, kwa sababu virusi halisi vina sura hiyo. Kampuni ya SK bioscience ya Korea Kusini iliendeleza chanjo hiyo kwa msaada wa CEPI, muungano wa kimataifa wa kujiandaa na magonjwa ya mlipuko, na wakfu wa Gates, na mwezi Juni 2022 serikali ya Korea Kusini ikaiidhinisha kwa jina la SKYCovione. Ilikuwa dawa ya kwanza duniani kuidhinishwa kwa binadamu ikiwa imejengwa juu ya protini iliyobuniwa kwa kompyuta. Iliweza kutunzwa kwenye jokofu la kawaida, na chuo kilikubali kutodai mrabaha katika kipindi chote cha janga. Ni kweli kwamba ilifika sokoni ikiwa imechelewa, wakati nchi nyingi zimeshachanja kwa chanjo nyingine, na haikupata watumiaji wengi. Mafanikio ya kisayansi na mafanikio ya soko ni mambo mawili, na anayeyachanganya ataidharau kazi iliyothibitisha kwamba njia yenyewe inafika mpaka mkononi mwa muuguzi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni fedha na mashine. Taasisi hii ilipewa dola milioni 45 na mpango wa ufadhili wa Audacious Project mwaka 2019, imefadhiliwa na matajiri na mashirika makubwa, na ina kompyuta ambazo vyuo vingi havioti kuzipata. Na pigo kubwa zaidi la fani hii, atasema mpinzani, lilitoka nje ya chuo kabisa: mwishoni mwa 2020 AlphaFold ya DeepMind iliwapita wote katika shindano la kubashiri maumbo ya protini, pamoja na kundi la Baker. Pingamizi hili ni zito na silipuuzi. Bila fedha na bila kompyuta kazi hii haifanyiki. Lakini tazama kilichofuata. DeepMind ilikuwa imeonyesha matokeo bila kutoa maelezo kamili ya programu yake. Minkyung Baek, mtafiti kijana kutoka Korea Kusini aliyekuwa Seattle, akachukua madokezo machache yaliyotolewa hadharani, akayachanganya na mawazo ya wenzake, na mwezi Julai 2021 makala ya RoseTTAFold ikatoka siku ileile na makala ya AlphaFold. Haikulingana nayo kwa usahihi, ila ilikaribia, ikiwa imetengenezwa kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wa kompyuta wa kampuni ile. Tena AlphaFold yenyewe ilifunzwa kwa Benki ya Data ya Protini, hazina ya wazi iliyoanzishwa mwaka 1971, iliyojazwa umbo moja baada ya jingine na maelfu ya wanafunzi waliokesha maabarani wakisubiri fuwele zikue. Kampuni ilivuna, na ilivuna kwa ustadi unaostahili tuzo, katika shamba ambalo vyuo vya umma vimelilima kwa miaka 50.

Na fedha haielezi lililotokea baadaye. Mwaka 2022 Justas Dauparas na wenzake walitoa ProteinMPNN, programu inayopokea umbo na kurudisha mfuatano unaofaa. Mwaka 2023 ikafuata RFdiffusion, iliyotumia mbinu ileile ambayo akili mnemba hutumia kutengeneza picha: inaanza na vurugu ya nukta, inaisafisha hatua kwa hatua mpaka umbo la protini linajitokeza. Makala yake ina watu kadhaa wanaohesabiwa kuwa wa kwanza kwa usawa. Miongoni mwao, Joseph Watson, David Juergens na Nathaniel Bennett walikuwa wa taasisi. Brian Trippe alileta elimu ya takwimu. Jason Yim alikuwa mwanafunzi wa MIT, upande wa pili kabisa wa Marekani. Watu wa takwimu walikuwa wanalisumbukia wazo hilo kwa hesabu, watu wa Seattle walikuwa na mtandao wa neva uliokwisha jifunza maumbo ya protini, na kila upande ulikuwa umekwama peke yake. Hakuna hundi ya benki inayoweza kumwambia profesa kwamba mwanatakwimu kijana wa chuo kingine ndiye anayekosekana mezani. Hilo hujulikana pale tu watu wanapoonyeshana kazi isiyokamilika kila siku, na Baker amejenga maabara yake kwa makusudi juu ya mazoea hayo, akiyaita ubongo wa pamoja.

Pingamizi la pili ni la wahenga: mshika mbili moja humponyoka. Mwanafunzi anayegusa fizikia, kompyuta na tiba, atasema mwalimu wa zamani, atatoka akiwa hana fani. Ningekubaliana naye kama taasisi ingemtaka kila mtu ajue kila kitu. Mifano niliyoitaja inaonyesha kinyume. Trippe aliendelea kuwa mtu wa takwimu, Veesler ni mtaalamu wa maumbo ya virusi, Cooper alibaki kwenye kompyuta. Walichoongeza ni uwezo wa kusoma kazi ya jirani kiasi cha kujua itumike wapi. Mahali ambapo mwalimu yule ana haki kabisa ni kwenye malipo. Shahada hutolewa na idara, ajira hutolewa na idara, na msailiwa aliye mmoja tu kati ya waandishi kadhaa wa kwanza hupata taabu kulieleza jopo la wasaili kazi yake ni ipi. Tuzo yenyewe ya 2024, kwa kanuni zake, haikuwa na nafasi ya Kuhlman, King wala Baek. Hili ni tatizo la kweli, na vyuo vinavyofungua vituo vya taaluma mtambuka bila kurekebisha taratibu za kupandisha vyeo vinawatuma vijana kwenye kazi ambayo haitawalipa. Dalili nzuri kutoka Seattle ni kwamba wengi wamepata vyeo mahali pengine: Kuhlman ni profesa North Carolina, Baek ni profesa Seoul, na makundi yaliyotokana na Rosetta yametawanyika dunia nzima yakiendelea kushirikiana katika programu.

Sasa nije kwenye kazi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ana kila sababu ya kuifuatilia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaokatwa viungo au kupata ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini, mbali na hospitali. Dawa iliyopo, kimsingi, ni ileile ya mwishoni mwa karne ya 19: farasi anachomwa sumu kidogokidogo, damu yake inatengeneza kinga, na kinga hiyo inachujwa na kupewa mgonjwa. Ni ghali, mara nyingi inahitaji jokofu, inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali, na inategemea kampuni chache. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kuzalisha FAV-Afrique, moja ya seramu zilizotegemewa zaidi kusini mwa Sahara, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016. Lipo pia tatizo la kibiolojia. Swila na koboko huua hasa kwa protini ndogo zenye mikunjo mitatu inayofanana na vidole. Baadhi yake hukaa kwenye misuli pale ambapo ujumbe wa neva hupokelewa, zikauzuia, na misuli ya kupumua ikasimama. Kwa kuwa ni ndogo, mwili wa farasi hauzitambui vizuri, hivyo seramu huwa dhaifu hasa dhidi ya sumu inayoua upesi.

Susana Vázquez Torres, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Mexico, aliichukua kazi hii Seattle akishirikiana na Timothy Jenkins wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark. Akatumia RFdiffusion kuchora protini zinazokaa juu ya vidole vile na kuvifunika visiweze kushika misuli. Makala ilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Januari 2025. Panya waliopewa kiwango cha kuua cha sumu ya neva, kisha wakapewa protini hizo, walinusurika kwa asilimia 80 hadi 100, kutegemea aina ya sumu, dozi na protini iliyotumika. Protini zenyewe ni ndogo, zinavumilia joto, na zinazalishwa na bakteria katika tangi bila farasi yeyote. Ukiifuata njia ya kazi hii nyuma unakutana na majina mengi niliyoyataja: Top7 iliyothibitisha kwamba umbo jipya linawezekana, ProteinMPNN inayotoa mfuatano, mtandao wa RoseTTAFold uliozaa RFdiffusion, na watu wa sumu wa Denmark.

Wapo wanaouliza, na wana haki, kama chombo kinachoweza kuchora protini ya kuzuia sumu hakiwezi kuchora sumu yenyewe. Mwezi Machi 2024 Baker na wanasayansi wengi wa fani hiyo walitia saini ahadi za hadharani, ikiwamo kununua vinasaba vya kutengenezwa kutoka tu kwa kampuni zinazokagua maagizo. Ahadi za hiari si sheria, na naamini serikali zitalazimika kuingia. Lakini kuifunga programu kungewaadhibu kwanza wale wasio na kampuni ya kuwabunia dawa. RFdiffusion imetolewa wazi, na mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu mwenye intaneti anaweza kuijaribu bila malipo.

Matokeo ya panya yana mipaka ambayo makala yenyewe haikuificha. Sumu zilizotumika zilikuwa zimesafishwa moja moja, ilhali sumu inayotoka kwenye jino la nyoka ni mchanganyiko wa protini nyingi. Bafe, anayeuma watu wengi katika nchi zetu kwa sababu hulala njiani asikimbie, hategemei vidole vitatu. Sumu yake ina vimeng'enya vinavyoharibu mishipa ya damu na kuozesha nyama, na hivyo vinataka protini nyingine kabisa. Kila kundi la sumu litahitaji kifuniko chake, vifuniko hivyo vichanganywe katika dozi moja, vijaribiwe dhidi ya sumu nzima ya nyoka wa Baringo, wa Tabora na wa bonde la Rufiji, kisha vipimwe kwa wagonjwa halisi katika hospitali za wilaya. Kwa hatua hizo Seattle haina nyoka, haina wagonjwa wala madaktari wa zamu waliokwisha mwona mtu akishindwa kupumua saa chache baada ya kuumwa na koboko. Hao wako huku, pamoja na kituo cha utafiti wa nyoka cha K-SRIC mjini Nairobi, na orodha ya watu watakaohitajika mezani tayari imebadilika: mfugaji wa nyoka, mfamasia, mtakwimu wa majaribio ya tiba, mchumi wa afya atakayekokotoa bei ambayo zahanati inaweza kuimudu, na mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliye tayari kulibeba swali lote.